Miguu Haisomi Kanuni

Siku yangu ya kwanza kazini, mtu aliyenipokea hakunisalimu. Alinitazama miguu, akanigeuza nimpe mgongo, kisha akaangusha nondo ya chuma sakafuni nyuma yangu. Niliruka. Nilipotulia nikajikuta nimeruka mbele, upande wa tanuri, na yeye anatikisa kichwa kama mama aliyeonja mboga akakuta chumvi imezidi.

"Weye ukiogopa, unakimbiliaka mu moto," akasema. "Bon. Nitakuweka fasi, pahali unaangalia mulango. Ukiruka mbele, utaruka inje."

Huyo ndiye Tata Kabeya, yaani Baba Kabeya, chef na msimamizi wa tanuri namba mbili katika kiwanda cha kuchoma madini hapa Kolwezi. Alikuwa Mkasai, ameletwa Katanga kwa treni tangu ujana wake, enzi za Wabelgiji, pamoja na wengine wengi wa kwao waliokuja kufanya kazi ya shaba. Mimi nilitoka Kasaji, mtoto wa mtu wa reli, nimemaliza shule ya wamisionari na cheti mfukoni kilichonipa kiburi kingi kuliko akili. Nchi ilikuwa imeshaitwa Zaïre, tumeshaacha majina ya ubatizo, na kadi yangu ya kazi ilisema Citoyen Ngoie, yaani Raia Ngoie, basi.

Ninyi vijana mnaoingia kazini leo na kofia mpya na kitabu cha kanuni chenye picha za rangi, niwaeleze kidogo. Shaba ikishasagwa na kuoshwa huwa unga wenye kiberiti ndani yake. Tuliuchoma unga huo tanurini ili kiberiti kitoke, na kazi hiyo tuliiita grillage. Lakini kiberiti hakiondoki kwa adabu. Kinatoka kuwa gesi isiyo na rangi, inayochoma macho, koo na kifua, na mtu akiivuta nyingi mapafu yake yanajaa maji. Feni kubwa iliinyonya gesi hiyo kutoka matanurini na kuisukuma mbali nasi. Feni ikisimama, gesi inarudi ukumbini tulimo. Hatari yetu kubwa ilikuwa hiyo moja, na dawa yake moja: acha kila kitu, toka nje, elekea upande upepo unakotoka. Juu ya paa palikuwa na mfuko wa kitambaa kwenye mlingoti, ukijaa upepo ili kila mtu aone unavuma kutoka wapi.

Mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Ndiyo maana hadi leo nikikumbuka nakasirika.

Tata Kabeya alinifundisha kazi kwa miaka minne. Alijua tanuri kwa sikio. Likiunguruma vibaya alisogea kwenye gurudumu la chuma linalopunguza unga unaoingia, akaligeuza robo, akasikiliza tena. Hakujua kusoma. Namba za kwenye saa za moto alizijua kwa mahali mshale uliposimama. Nami, mwenye cheti, nilimwandikia ripoti zake, na yeye alinipa nusu ya mkate wake wa asubuhi. Mkewe, Mama Ngalula, alikuwa akiniita mwanawe wa kazini.

"Kichwa iko na masomo," Tata Kabeya aliniambia mara nyingi. "Miguu haina masomo. Siku ya hatari, miguu njo chef."

Nilicheka. Miguu ndiyo mkubwa! Nilidhani ni maneno ya mzee asiyesoma.

Mwaka wa tano Chef wa Sécurité, mkuu wa usalama kazini, alinifanya moniteur, yaani mtu wa kuwafundisha wengine kujikinga na ajali. Sababu yake ilikuwa kwamba nina mwandiko mzuri. Sisemi uongo. Alifungua daftari langu, akatazama herufi, akasema, "Huyu ndiye." Ofisi yake ilikuwa na makabati matatu ya ripoti na dirisha moja lililotazama ukuta.

Basi nikaanza kupita kila zamu na kanuni zangu. Nilimsimamisha mtu na kumuuliza, gesi ikitoka unafanya nini? Naye alikunja mikono nyuma akajibu kama mtu wa katekisimu: "Naacha kazi. Naangalia mufuko ya upepo. Naenda fasi upepo inatokea. Nangoja baite majina." Nilimwekea alama. Katika miezi michache ukumbi mzima ulijua kanuni, hata wafagizi. Ingénieur wetu, kijana aliyesoma Lubumbashi na kurudi na viatu vyenye kisigino, alifurahi sana.

"Unaona, Citoyen Ngoie? Batu banajua texte. Texte iko claire."

Maandishi ya kanuni yako wazi, ndivyo alivyosema, nami nilivimba kichwa. Wakati huo sote tulikuwa wajinga wa aina moja, tofauti ni viatu tu.

Sasa nieleze habari ya king'ora. Waliozaliwa baada ya miaka ile hawawezi kuamini. Kila asubuhi bendera ilipandishwa, na bendera ikipanda mtu haruhusiwi kutikisika. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye ndoo kichwani anasimama nayo, anayekimbilia choo anavumilia. Kiwandani kwetu bendera ilikuwa uani, mbali na ukumbi, na wengi hawakuiona. Kwa hiyo mkubwa fulani alitoa amri king'ora kilie: kikilia, bendera inapanda, simama, mikono ubavuni, mpaka kinyamaze. Mjumbe wa Chama alipita na karatasi akiandika majina ya waliotikisika. Watu waliitwa ofisini kwa ajili ya kujikuna. Asubuhi sita kwa wiki, miaka na miaka.

King'ora hichohicho ndicho kilichokuwa cha hatari.

Mnaanza kuona. Sisi hatukuona. Kanuni ilisema ukisikia king'ora baada ya saa za bendera ni hatari, na kila mtu aliijua kanuni hiyo, nami nilikuwa nimemwekea alama.

Siku mkanda wa feni kubwa ulipokatika ilikuwa katikati ya asubuhi, jua limeshapanda. King'ora kikalia. Nilikuwa kwenye ngazi ya chuma, juu kidogo, nikauona ukumbi wote. Watu wakaacha kazi. Vizuri. Kisha wakasimama. Watu thelathini na kitu, wamenyooka, mikono ubavuni, wanatazama mbele, na gesi inashuka kutoka matanurini juu yao. Nilitaka kupiga kelele. Ndipo nikagundua kwamba na mimi nimesimama hivyohivyo, mikono ubavuni, daftari la kanuni limebanwa kwapani.

Sijui tulisimama muda gani. Si mrefu, lakini kwa gesi hakuna muda mfupi. Mtu mmoja akakohoa, kisha wa pili, na kikohozi ndicho kilichotuamsha. Tukatoka tukigongana. Watatu walilazwa hospitali, wakapona, namshukuru Mungu. Tata Kabeya alitoka akiwa na macho mekundu, akaja kukaa chini karibu yangu.

"Nilikuambia nini juu ya miguu?" akasema.

Kwenye mkutano Chef wa Sécurité alifungua jalada jipya. "Tutaandika indiscipline," akasema. "Batu habakufuata kanuni."

"Chef," nikasema, "walikuwa na nidhamu kupita kiasi. King'ora kimewafundisha kusimama kwa miaka, halafu tunataka siku moja kiwafundishe kukimbia. Tutumie sauti nyingine kwa bendera, au nyingine kwa hatari."

Mjumbe wa Chama akainua macho. "Citoyen Ngoie, unasema kama bendera njo ililetea batu gaz?"

"Sikusema hivyo."

"Niandike ulisema nini?"

Ingénieur alitazama viatu vyake. Chef akafunga jalada. Wiki iliyofuata nilipata barua ya kuhamishiwa Mutoshi, kwenye machimbo, kusimamia sécurité ya karakana. Chef aliniambia kwa upole kwamba hewa ya kule ni nzuri kwa mtu mwenye mawazo mengi. Nao waliobaki wakaongezewa masomo ya kanuni. Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba sikio hilo mara nyingi liko ofisini.

Mutoshi nilikaa miaka miwili na nusu. Chef wa karakana kule alikuwa mtu mwema, kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta vipuri visivyokuwepo. Nami nilikuwa na muda wa kutazama watu. Nyuma ya ukuta wetu palikuwa na shule ya misheni, na kengele yake ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Mchana kilipigwa kuwatoa watoto darasani. Siku moja nilikuwa nazungumza na fundi wetu mmoja, baba wa watoto sita, mkononi ana ufunguo mkubwa wa kukazia boliti. Reli ikalia. Akauweka ufunguo chini, akageuka kuelekea mlangoni, hatua mbili, akasimama.

"Juu ya nini umeweka ufunguo chini?" nikamuuliza sababu.

"Ufunguo gani?" akasema, akatazama mkono wake mtupu.

Toka hapo kila mchana nilijificha na kutazama. Watu wazima, wenye mvi, reli ikilia vichwa vinageuka mlangoni. Wengine walianza kutembea kisha wakajifanya wanatafuta kitu. Tangu utotoni sauti ile iliwaambia: kwisha, toka nje, kimbia. Hakuna aliyewawekea alama, na walikuwa wamefaulu kuliko wanafunzi wangu wote. Nilikasirika nikacheka mwenyewe. Miaka yote ile nilikuwa nasomesha vichwa, na miguu ilishasoma zamani kwa mwalimu mwingine.

Chef wa Sécurité alipostaafu, aliyemfuata akanirudisha Kolwezi. Nikampelekea Ingénieur wazo langu: tuning'inize reli mlangoni mwa ukumbi, upande unaotazama upepo mara nyingi, na king'ora tuwaachie bendera yao.

"Tuko na sireni ya kisasa," akasema, "na weye unaniletea kipande ya chuma? Bageni bakikuya kutembelea, nitabaambia nini?"

"Utawaambia watu wako wako hai."

Lazima niseme haki yake: siku ya mkanda naye alisimama mikono ubavuni, dirishani kwake, na nadhani hakuwa amesahau. Akatia sahihi.

Tata Kabeya alifurahi kuniona nimerudi. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini bado alilisikiliza tanuri kwa sikio lilelile. Mama Ngalula alinipikia bukari, ugali wetu, na samaki, akaniambia nimekonda kwa kula maneno Mutoshi.

Kabla ya kuitundika reli nilifanya jambo nililojivunia sana. Nilimpitia kila mtu ukumbini na kumuuliza: sauti hii inakukumbusha nini? Nilibeba kipande kidogo na nyundo, nikapiga mbele yake. Wakajibu huku wanacheka: shule, kucheza mpira, kwenda nyumbani kula. Nikaandika kwa ule mwandiko wangu mzuri. Nilipofika kwa Tata Kabeya nilipiga, akainamisha kichwa, akasikiliza kama anavyosikiliza tanuri.

"Rail ni rail," akasema. "Iko muzuri. Inasikilika mbali."

"Inakukumbusha nini, Tata?"

Akafikiri. Alifikiri kweli, nilimwona. "Hakuna," akasema.

Nikaandika: anakubali. Nilijua hakusoma shule. Nilijua. Nikaenda kwa mtu aliyefuata kwa sababu saa ya kula ilikaribia.

Tukafanya jaribio. Nilitangaza asubuhi kwamba leo reli italia, ikalia, na ukumbi ulitoka kwa utulivu, watu wanataniana. Tata Kabeya alitoka kati ya wa kwanza, akaniinulia kidole gumba. Tulirudia mara tatu mwaka ule. Ingénieur alianza kuwaonyesha wageni ile reli kana kwamba aliitunga yeye. Sikujali. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda ofisi nzima.

Halafu bomba la gesi likapasuka.

Lilikuwa bomba nene linalopita juu ya matanuri kwenda kwenye feni, na lilipasuka kwenye kiungo, mchana kweupe, baada ya chakula. Nilikuwa karibu na mlango. Nikanusa, nikaona watu wa tanuri la kwanza wanajifunika nyuso, nikashika nyundo, nikapiga. Watu wakatoka. Hawakusimama, hawakutazama kuuliza. Walitoka mbio, wazee kwa vijana, wakanipita kama watoto wa saa sita. Nakumbuka niliona raha. Gesi inatoka, macho yananichoma, na mimi nasikia raha kwamba nilisema kweli.

Tukahesabu majina upande wa upepo. Mmoja alikosekana.

"Tata Kabeya," nikasema. "Yuko wapi Tata Kabeya?"

"Alikuwa inje," akajibu mtu wa zamu yake, fundi aliyekuwa amekaa naye kivulini. "Tulikuwa naye hapa, anakunywa mayi. Rail ikalia, akatupa kopo, akaingia ndani mbio."

"Akaingia?"

"Nilimuita. Hakunisikia."

Alikuwa nje. Nataka mlisome hilo mara mbili kama mimi nilivyolisikia mara elfu. Alikuwa nje, kivulini, upande wa upepo, na kikombe cha maji mkononi.

Nikafanya nini? Nikarudi kwenye reli, nikapiga tena. Nilidhani amechanganyikiwa, akisikia sauti atajua mlango uko wapi. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, nikipiga na kuita, "Tata, toka! Tata!" Sauti yangu haikufika popote, reli ndiyo ilifika. Watu wawili wa kikosi cha uokoaji walivaa vinyago vya hewa, wakaingia. Niliendelea kupiga mpaka walipomtoa wakimburuta.

Mmoja wao alivua kinyago akanitazama. "Alikuwa amesimama ku fourneau, ku tanuri yake," akasema. "Mukono ku gurudumu. Tulimuvuta, alikatala kuachilia. Kila wakati ile rail ilikuwa nalia, anakaza."

Nyundo ilikuwa bado mkononi mwangu.

Hakufa. Watu hudhani hilo linatosha. Alilala hospitali wiki nyingi, na aliporudi kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi akivuka chumba. Kazi ilikwisha siku ile ile. Nilikwenda kumwona kila siku, na siku ya kwanza aliyoweza kuzungumza nilimuuliza bila hata kumsalimu vizuri.

"Tata, juu ya nini uliingia ndani?"

Alivuta pumzi kidogo kidogo. Mama Ngalula alikuwa amemshika mgongo.

"Mi sikuingia," akasema. "Miguu iliingia."

"Lakini kwenye jaribio ulikuwa unatoka."

"Ile siku ya exercice nilikuwa nakumbuka niko mutu mukubwa." Akapumzika. "Tulipofika hapa, siye batu ba Kasai, tulikuwa mu kampi. Kulikuwa rail. Asubuhi inalia, kila mutu mbio ku fasi yake. Ukikutwa hauko ku fasi yako, fimbo. Nilipigwa mara mbili. Mara ya tatu sikupigwa tena, sababu miguu ilijua."

"Nilikuuliza, Tata. Nilikuuliza inakukumbusha nini, ukasema hakuna."

"Sikukudanganya, mwanangu. Sikujua. Ile kampi nilikuwa nimeisahau."

Mama Ngalula akageuza uso ukutani. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Ripoti iliandikwa ofisini: mfanyakazi alirudi ndani kinyume cha kanuni, uzembe wake mwenyewe. Waliniletea nitie sahihi, maana ilihitaji jina la moniteur, na maana yake ilikuwa kwamba mzee ataondoka kazini kama mkosaji. Nikakataa. Nikaandika ukurasa wangu, kwamba Tata Kabeya alitii amri ya kiwandani, na aliyeipiga amri hiyo ni mimi, na sikuuliza vya kutosha.

Ingénieur aliusoma, akasugua paji la uso. "Citoyen Ngoie, hauwezi kuuliza kila mutu utoto yake."

"Nilimuuliza kila mtu utoto wake," nikasema. "Nilisahau kwamba wengine hawakupewa utoto wa shule."

"Na hii karatasi itakuharibia jina."

"Itakuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri."

Hakucheka. Lakini aliichukua, akaitia jaladani juu ya ile nyingine, na Tata Kabeya aliondoka na karatasi ya ugonjwa wa kazini. Mimi sikupandishwa cheo tena, ila hilo sikulijutia hata siku moja.

Reli niliishusha mwenyewe. Tukaacha kutegemea sauti peke yake. Kila mtu alipewa mwenzake, wa kufanya naye zamu ileile, na amri ikawa fupi: ukishtuka, shika mkono wa mwenzako, tokeni wote wawili. Jaribio halikutangazwa tena. Wakuu walilalamika kwamba nawashtua watu na kupunguza uzalishaji. Watu nao walilalamika kwamba wanaume wazima wanashikana mikono. Nilikubali malalamiko yote, nikaendelea kuwashtua, mpaka nikaona mikono inatafutana kabla vichwa havijageuka. Miaka ya baadaye tulipata hatari mbili nyingine, na kila aliyeingia alitoka.

Sasa nimestaafu, na vijana wa sécurité hunijia na karatasi zao. Juzi mmoja aliniambia wafanyakazi wake wote wamefaulu mtihani wa kanuni, kila mmoja ana cheti. Nikamuuliza, wakishtuka wanarukia wapi? Akasema hilo halimo kwenye mtihani. Nikamrudishia karatasi zake, maana kumweleza mtu mwenye vyeti ni kumpigia mbuzi gitaa. Nawaambia ninyi hapa badala yake. Mkimpokea mtu mpya kazini, msimuulize tu anajua nini. Mwangushieni chuma nyuma ya mgongo, mtazame miguu. Kisha mkae naye, mle naye, miaka ikibidi, mpaka mjue ni nani aliyemfundisha kukimbia. Hata hapo mtakosea. Mimi nilikula mkate wa mtu yule miaka minne nikakosea.

Tata Kabeya aliishi miaka michache baada ya hapo, kwake kwenye cité, mtaa wa wafanyakazi. Nilipokuwa zamu ya mchana nilipitia kwake asubuhi. Nyumba mbili kutoka kwao palifunguliwa shule ya msingi, na kengele yao ilikuwa rimu ya gari kuukuu. Walipiga kuwaingiza watoto darasani. Kila ilipolia, mzee yule, ambaye hakuweza kufika uani bila kupumzika, aliinuka kitini na kuanza kutafuta viatu kwa miguu.

"Kaa, Tata," Mama Ngalula alisema bila kugeuka, mikono ikiwa kwenye unga. Alikwishazoea. "Ni batoto tu."

Siku moja alikuwa peke yake nami kengele ilipolia. Aliinuka, akashika mkono wa kiti, kifua kinapiga filimbi, macho yamekwenda mbali.

"Nimechelewa?" akaniuliza.

Nikamshika mkono, kama nilivyowafundisha watu wangu wote kwa ajili yake.

"Hapana, Tata," nikasema. "Uko ku fasi yako."

Akakaa.